Mama mwenye mimba hatarishi kakaa mbele yako: unaanzia wapi kumpima na vipimo gani vinajibu nini

Hii naiandika hasa kwa wauguzi na wakunga wanaoanza kazi kliniki ya wajawazito, ila hata mama mwenyewe aliyeambiwa mimba yake ni hatarishi akiisoma atajua anafanyiwa nini na kwa sababu gani. Jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo: kila kipimo kina swali lake moja tu kinalojibu, na kama hujui swali ni lipi basi majibu yakirudi hayatakusaidia wewe wala mama. Unakuta mama ana karatasi kibao za ultrasaundi, zote zinasema mtoto yuko vizuri, lakini presha yake haijapimwa wiki kadhaa, afu anafikishwa wodini anapata degedege watu wanaulizana imekuwaje. Ultrasaundi haikuulizwa habari za presha.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mimba hatarishi maana yake mama au mtoto ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata shida, iwe kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua au baada yake. Haina maana shida lazima itokee. Mwambie mama hivyo kabisa kwa maneno, kwa sababu akisikia hatarishi wengi wanasikia "mtoto wako atakufa" na kuanzia hapo hasikii tena unachosema. Na upande wa pili, mama aliyeanza kliniki bila tatizo lolote anaweza kuingia kwenye hatari wiki ya 30, kwa hiyo tathmini sio kitu cha siku ya kwanza tu unajaza kadi unafunga, ni kila anapokuja unaangalia upya kama kuna kilichobadilika.

Anza na historia, na hapa usikimbie

Kwa maoni yangu dakika utakazokaa na mama unamuuliza maswali zina thamani kuliko mashine nyingi. Ila namna ya kuuliza ndo kila kitu. Ukimuuliza mama "uliwahi kupata priklampsia?" atasema hapana, kwa sababu hakuna aliyemtajia hilo jina la presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Muulize: mimba iliyopita uliwahi kulazwa kwa ajili ya presha? Ulichomwa sindano au kuwekewa dripu ukahisi joto kali mwili mzima? Huyo aliyechomwa dawa ya namna hiyo huenda ilikuwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, na hapo umepata jibu ambalo halikuandikwa popote. Badala ya kuuliza "ulijifungua kabla ya wakati?" muulize mtoto alizaliwa na uzito gani, alilia mara moja, alibaki chumba cha watoto njiti au mlitoka naye pamoja? Mtoto aliyezaliwa na zaidi ya kilo 4 anakukumbusha kuangalia sukari. Mimba iliyotoka mwezi wa tano kimya kimya bila uchungu mwingi inakufanya uwaze mlango wa kizazi dhaifu.

Hesabu mimba zote sio watoto walio hai tu. Zilizotoka, zilizotungwa nje ya kizazi, mtoto aliyefia tumboni, aliyefariki wiki ya kwanza. Kama alifanyiwa upasuaji uliza sababu, na uliza ni lini, maana kovu la mwaka jana sio sawa na la miaka sita nyuma. Kisha magonjwa yake mwenyewe: presha ya siku zote, kisukari, moyo, figo, kifafa, sikoseli, pumu, tezi la shingo, virusi vya UKIMWI. Umri chini ya miaka 18 au zaidi ya 35 nao uandike. Uliza ya nyumbani pia, mama yake au dada zake walipata presha kwenye mimba?

Dawa anazomeza usikubali ajibu kwa kukumbuka, mwambie siku nyingine aje na mfuko wote, za hospitali na za mitishamba. Kuna dawa za kifafa kama valproati na baadhi ya dawa za presha kama enalaprili ambazo zinaweza kumdhuru mtoto, lakini tafadhali usimwambie mama aache ghafla kwa kauli yako, mama mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kufa na mtoto wake, kazi yako ni kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo abadilishiwe.

Na kuna maswali ambayo lazima mama awe peke yake. Kupigwa nyumbani, mimba aliyowahi kuitoa, majibu ya virusi, hali ya akili yake, kama anakunywa pombe. Mume au mama mkwe akiwepo mwombe kwa heshima asubiri nje, sema ndo utaratibu wa kliniki kwa kila mtu. Mwambie mama pia utakachokiandika na nani atakisoma.

Umri wa mimba ukikosea kila kitu kinakosea

Vipimo vingi vinategemea wiki. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Mama aliyeanza hedhi tarehe 10 Machi anatarajiwa karibu na 17 Desemba. Hesabu hii inafaa kwa mwenye mzunguko wa siku 28 unaoeleweka, asiyekumbuka au aliyekuwa kwenye sindano za uzazi wa mpango mpeleke ultrasaundi mapema. Ultrasaundi ya kabla ya wiki 14 inakosea kwa siku chache tu, kama wiki moja hivi, lakini ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hadi wiki 3. Kwa hiyo tarehe ikishapangwa kwa ultrasaundi ya mapema usiibadilishe kila akipigwa picha mpya. Mtoto aliyedumaa tumboni utambadilishia tarehe ukadhani ni mdogo kwa sababu mimba ni changa, kumbe anakosa chakula.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mama aonane na mhudumu angalau mara 8, ya kwanza ndani ya wiki 12, na apate ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Hiyo ni kwa mama wa kawaida, mwenye mimba hatarishi anakuja mara nyingi zaidi kulingana na tatizo lake.

Presha na mkojo

Kupima presha kila mtu anadhani anajua. Mama akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini haijapandana, ametoka kukojoa, mkono uko usawa wa moyo, haongei, na wewe usimwongeleshe. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kwa mkono mnene presha itasoma juu kuliko ilivyo, na kikiwa kikubwa mno itasoma chini. Mama aliyetoka kupanda ngazi ukampima amesimama kwenye foleni hiyo sio presha, hiyo ni namba.

140/90 au zaidi baada ya wiki 20, mpime tena baada ya masaa 4. Ikifika 160/110 huna masaa 4 ya kusubiri, rudia ndani ya dakika 15, ita daktari, na dawa ya kushusha inatakiwa iingie ndani ya dakika 30 hadi 60 maana hapo ubongo wa mama uko hatarini. Angalia na mwenendo. Mama aliyekuwa 90/60 miezi yote leo amekuja na 130/85, bado hajafika kwenye mstari ila mpe tarehe ya karibu, usimwambie rudi mwezi ujao.

Mkojo chukua wa katikati, akishajisafisha, kwa sababu uchafu wa ukeni unaleta protini ya uongo. Protini 2+ na presha ni jambo zito, hata 1+ usiipite. Halafu kuna kitu wengi hawajui bado: kifafa cha mimba kinaweza kunyemelea hata mkojo ukiwa safi. Ndo maana mwenye presha anachukuliwa damu kuangalia chembe sahani zinazogandisha damu (zikishuka chini ya 100,000 ni hatari), ini na figo. Na muulize mwenyewe, kila mara, hata kama amechoka kuulizwa: kichwa kinauma kisichosikia dawa? Unaona ukungu au vimulimuli? Unapata maumivu chini ya chembe cha moyo? Uso na mikono imevimba ghafla? Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa wengi, uso kuvimba asubuhi sio. Chembe cha moyo ndo inayopotea sana, mama anasema vidonda vya tumbo vimemrudia, anapewa dawa ya vidonda, kumbe ni ini linavimba.

Aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye presha ya kudumu, kisukari, figo, lupasi au mapacha, daktari anaweza kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kuanzia wiki ya 12 na vizuri kabla ya 16. Akija wiki ya 28 nafasi hiyo imeshapita, na hapo unaona kwa nini historia ya siku ya kwanza ni muhimu.

Tumbo lenyewe

Kabla ya kupima kimo mama akakojoe, kibofu kilichojaa kinaongeza sentimita. Tepu igeuze namba ziangalie chini, pima kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba, ndo ugeuze usome. Tunafanya hivyo kwa sababu ukiona namba jicho linavuta tepu ifike kwenye wiki unayoitaka. Kuanzia wiki ya 24 hivi sentimita zinakaribiana na wiki. Tofauti ikizidi 3 jiulize: tarehe ni sahihi? Ni mapacha? Maji yamezidi au yamepungua? Mtoto hakui? Hilo ndo swali unalopeleka ultrasaundi, na liandike kwenye fomu, usiandike tu "ultrasaundi ya mimba".

Mapigo ya mtoto ni 110 hadi 160 kwa dakika. Shika na mshipa wa mkono wa mama wakati unasikiliza, maana mama mwenye homa au hofu mapigo yake yanaweza kufika 120 ukaandika ya mama ukidhani ni ya mtoto.

Mama anayetoka damu baada ya wiki 20 usimwingize vidole ukeni kabla ultrasaundi haijaonyesha kondo liko wapi. Kondo likiwa limeziba mlango kidole kimoja kinaweza kuanzisha damu ambayo hutaizuia.

Vipimo vya damu

Wingi wa damu (hemoglobini) chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, chini ya 7 ni mkali na huyo haendi nyumbani na vidonge tu. Kaswende, virusi, homa ya ini B, hivi visisubiri, kila kimoja kina tiba au kinga inayomlinda mtoto kikijulikana mapema.

Kundi la damu: mama mwenye Resasi (Rh) hasi ambaye mtoto wake ni chanya mwili wake unaweza kutengeneza kinga inayoshambulia damu ya mtoto, na mara nyingi anayeumia ni mtoto wa mimba inayofuata. Anapimwa Kumbsi kuona kama kinga hiyo imeshaanza. Kama bado, sindano ya anti-D ya kuzuia kinga hiyo isianze inatolewa wiki ya 28 na tena ndani ya masaa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya, na pia akitokwa damu, akianguka akaumia tumbo au akichomwa sindano ya kuchukua maji ya mtoto.

Sukari ya mimba inapimwa wiki ya 24 hadi 28, mwenye hatari kubwa apimwe mapema na akiwa sawa arudiwe. Anakuja amefunga angalau masaa 8, anachukuliwa damu, anakunywa glukosi gramu 75, anachukuliwa tena saa 1 na saa 2 baadaye. Mipaka ni 5.1, 10.0 na 8.5 milimoli kwa lita, moja tu ikifikiwa au kuzidi inatosha. Mweleze akae hapo hapo asizunguke, asile, asivute sigara, na akitapika aseme, kipimo kirudiwe siku nyingine. Ukimwambia tu "kesho njoo na njaa" atakunywa chai akidhani chai sio chakula.

Vipimo vya kuangalia ulemavu wa mtoto

Hapa ndo wamama wanachanganyikiwa kuliko kote, na muuguzi ndo anabaki kueleza. Kuna vipimo vya kuchuja na vipimo vya kuthibitisha. Cha kuchuja kinasema uwezekano ni mkubwa au mdogo, cha kuthibitisha kinasema ndiyo au hapana kwa kile kilichotafutwa. Picha ya ngozi ya shingo ya mtoto, wiki 11 hadi 13 na siku 6, ni ya kuchuja. Kipimo cha damu ya mama kinachotafuta vinasaba vya mtoto, kuanzia wiki ya 10, nacho ni cha kuchuja japo ni kizuri sana; kilitokana na ugunduzi wa Dennis Lo na wenzake 1997 kwamba vipande vya DNA ya mtoto vinaelea kwenye damu ya mama. Kinaweza kusema hatari ipo na mtoto akawa mzima. Kwa hiyo mama asifanye uamuzi wowote mkubwa juu ya kipimo cha kuchuja peke yake.

Vya kuthibitisha ni kuchukua kipande kidogo cha kondo, wiki 10 hadi 13, au kuchukua maji ya mtoto kwa sindano kuanzia wiki ya 15. Vyote vina hatari ndogo ya mimba kutoka, kwenye mikono iliyozoea ni chini ya 1 kwa 100. Mama aambiwe hilo kabla, asaini akiwa ameelewa, na akikataa usimnunie wala usimuulize mara tatu. Wewe kazi yako siku hiyo: hakikisha kundi la damu linajulikana, pima presha na mapigo ya mtoto kabla na baada, kaa naye wakati sindano inaingia, afu mwambie apumzike siku hiyo, asinyanyue vizito, na arudi haraka akiona maji yanavuja, damu, homa au tumbo linabana.

Na muulize mapema majibu apewe akiwa na nani. Majibu mabaya kwa simu, mama yuko kwenye gari na abiria wenzake, huo ni ukatili hata kama haukukusudiwa.

Kumfuatilia mtoto miezi ya mwisho

Kipimo cha kwanza ni mama mwenyewe. Kuanzia wiki ya 28 ajue mtoto wake anachezaje. Njia moja inayotumika sana, alale ubavu, aweke mkono tumboni, ahesabu mpaka michezo 10, ikipita masaa 2 haijafika aje. Ila hata kabla ya kuhesabu, akihisi tu mtoto amebadilika, amepoa, aje leo sio kesho. Naomba sana usimtanie mama anayekuja usiku kusema mtoto hachezi, wala usimwambie kanywe maji baridi urudi kesho. Akija mara ya nne ukakuta mtoto mzima bado alifanya vizuri kuja.

Mashine ya kurekodi mapigo inauliza swali moja: kwa sasa hivi mtoto anapata hewa ya kutosha? Mlaze mama ameinuka kidogo au ubavu, asilale chali maana mji wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa, presha inashuka na mapigo ya mtoto yanaharibika. Mwandikie presha, saa aliyokula na dawa alizomeza. Kuanzia wiki ya 32 unatafuta mapigo yapande angalau mara 2 ndani ya dakika 20, kila mara yapande 15 na yakae sekunde 15. Kabla ya wiki 32 ni 10 kwa sekunde 10. Yasipopanda usikimbilie kumtisha mama, mtoto anaweza kuwa amelala na usingizi wake unafika dakika 40, endelea kurekodi mpaka hapo. Mapigo yakishuka na kuchelewa kurudi, hapo usisubiri dakika, ita.

Kama haieleweki daktari ataomba ultrasaundi ya alama 10, inayoangalia kupumua, kusogea, kukunja na kukunjua viungo, maji ya uzazi, ikijumlishwa na ile rekodi ya mapigo, kila kimoja alama 2. 8 au 10 ni nzuri maji yakiwa ya kutosha, 6 ni ya mashaka, 4 kushuka chini mara nyingi mazungumzo yanageuka kuwa ni lini mtoto atolewe. Dopla ya kitovu, yaani ultrasaundi ya damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu, inauliza kitu kingine, kondo linapitisha damu vizuri? Hiyo ndo ya mtoto asiyekua au mama mwenye presha. Ikisema damu imesimama au inarudi nyuma kati ya mapigo, huyo mama hatoki hospitali.

Kwa mwenye historia ya kuzaa njiti, mlango wa kizazi unapimwa urefu kwa ultrasaundi ya ukeni, chini ya milimita 25 kabla ya wiki 24 ni ishara ya hatari na kuna matibabu ya kujadili. Uchungu ukianza kati ya wiki 24 na 34, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ndo zinazookoa, na hapo tena tarehe uliyoihesabu siku ya kwanza ndo inaamua.

Kumpigia daktari na kumruhusu mama

Ukipiga simu usianze na "daktari kuna mama hapa hayuko vizuri". Sema: mama wa wiki 33, mimba ya pili, ya kwanza alipata kifafa cha mimba, presha 164/112 mara mbili, protini 3+, kichwa kinauma tangu asubuhi, mapigo ya mtoto 140, naomba uje sasa. Andika saa uliyopiga na alichojibu.

Kabla mama hajaondoka mwambie arudie kwa maneno yake dalili za kumleta haraka: damu, maji kuvuja, kichwa na macho, chembe cha moyo, degedege, homa, mtoto kupoa, tumbo kukaza kabla ya wakati. Akisahau moja mwelekeze bila kumkaripia. Afu muulize kitu ambacho hakipo kwenye kadi: hayo yakitokea saa nane usiku utakuja na nani, usafiri utapata wapi, mtoto mkubwa utamwacha na nani, na simu ya mezani ya wodi unayo? Kama hana jibu usimruhusu aondoke, kaeni mlipange pamoja, mpigie mume au dada yake hapo hapo, na namba ya wodi iandike juu kabisa ya kadi kwa herufi kubwa.